Kiti cha ndege kinasinyaa: nani analinda goti la abiria wa Pwani?

Ukienda Biashara Street hapa Mombasa kununua kitambaa, hununui kwa macho. Muuzaji anakunjua jora, anapima mbele yako, na akikata pungufu hata kwa shubiri moja mtaelewana papo hapo. Lakini mtu huyo huyo akienda kwa wakala kukata tikiti ya Jeddah, Dubai au Muscat, analipa makumi ya maelfu ya shilingi bila kuuliza kiti alichouziwa kina upana gani, wala kutoka goti lake hadi kiti cha mbele pana nafasi kiasi gani.

Na hata akiuliza, mara nyingi wakala hana jibu. Tikiti inaeleza saa ya kuondoka, kilo za mzigo na faini ya kubadilisha tarehe. Haisemi inchi. Bidhaa yenyewe tunayoinunua, yaani mahali pa kukaa kwa saa tano, nane au kumi na tano, ndiyo pekee isiyopimwa mbele ya mnunuzi.

Mashirika ya ndege yana jibu lao la siku zote: abiria mwenyewe ndiye aliyetaka nauli nafuu, na kiti chembamba ndiyo bei ya nauli hiyo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na nitaipa haki yake. Lakini inasimama juu ya dhana moja, kwamba anayelipa ndiye anayechagua, na anayechagua anajua anachochagua. Kwa msafiri wa Pwani, dhana hiyo haishiki.

Inchi zilivyopotea

Vipimo vya kujua ni viwili. Cha kwanza ni upana wa kiti, kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine. Cha pili ni umbali wa mstari hadi mstari: unachukua alama moja kwenye kiti chako, sema juu ya mgongo wake, na unapima hadi alama ile ile kwenye kiti cha mbele. Kipimo hiki cha pili kinahesabu pia unene wa kiti chenyewe, kwa hivyo nafasi ya goti huwa ni ndogo kuliko namba inayotajwa.

Julai 2017 mahakama ya rufaa mjini Washington, Marekani, iliamua kesi iliyoletwa na kikundi cha kutetea abiria kiitwacho Flyers Rights dhidi ya FAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege nchini humo. Takwimu zilizowekwa mbele ya majaji zilikuwa wazi. Umbali wa mstari hadi mstari, ambao zamani ulikuwa wastani wa inchi 35, ulikuwa umeshuka hadi 31, na kwa baadhi ya mashirika hadi 28. Upana wa kiti nao ulikuwa umetoka kama inchi 18.5 hadi 17. Kwa sentimita, nafasi ya mstari imetoka 89 hadi 71, na upana umetoka 47 hadi 43. Wakati huo huo miili ya abiria ilikuwa ikiongezeka.

Mabadiliko haya yana historia. Hadi mwaka 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyopanga nauli za ndege za ndani. Shirika halikuweza kumshinda jirani yake kwa bei, kwa hivyo lilimshinda kwa chakula, huduma na nafasi ya kukaa. Sheria ya mwaka huo ikaachilia soko. Nauli zikaanza kushindana na watu wengi wakapata kupanda ndege. Lakini bei ikishakuwa ndiyo vita, kila inchi ndani ya ndege inageuka kuwa shamba linaloweza kupandwa kiti kingine.

Tazama Boeing 787, ndege ambayo wengi wetu tumeipanda kwa sababu ndiyo Kenya Airways inayotumia kwa safari zake ndefu. Boeing walipoitangaza, walizungumza juu ya viti vinane kwa mstari katika daraja la kawaida. Leo karibu mashirika yote yameweka tisa, na Kenya Airways ni mmoja wao: viti 204 vya daraja la kawaida, vitatu kushoto, vitatu katikati, vitatu kulia. Japan Airlines ndiyo inayojulikana kwa kubaki na vinane. Mwili wa ndege haukuongezeka hata kidogo. Kiti cha tisa kilipatikana kwa kukata takriban inchi moja na nusu kutoka kwa kila mmoja wa wale wanane. Boeing 777 imepitia njia hiyo hiyo, kutoka viti tisa kwa mstari hadi kumi katika ndege nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba kinachojazwa si chetu.

Kwa haki, watengenezaji viti wana la kusema. Kiti cha kisasa kina mgongo mwembamba, na mfuko wa majarida umepandishwa juu ili goti lipate pa kuingia. Kwa hivyo inchi 30 za leo si sawa kabisa na inchi 30 za zamani. Hilo ni kweli kwa goti. Si kweli kwa bega, kwa sababu upana hauna ujanja wa aina hiyo, na si kweli kwa anayetaka kuinama aokote kiatu chake.

Hesabu ya mstari mmoja

Tufanye hesabu ya dukani. Chukua ndege ya kawaida ya safari za wastani, yenye viti sita kwa mstari. Sema sehemu ya abiria ina urefu wa inchi 870. Ukipanga viti kwa umbali wa inchi 29, unapata mistari 30, yaani abiria 180. Ukimpa kila mtu inchi 30, unapata mistari 29, abiria 174. Ukimpa inchi 31, mistari 28, abiria 168.

Sasa tuseme tikiti ni shilingi 50,000 na ndege imejaa. Abiria 180 wanaleta shilingi milioni 9. Ili abiria 174 walete kiasi hicho hicho, kila mmoja atalazimika kulipa kama shilingi 51,700. Wakiwa 168, kila mmoja kama shilingi 53,600. Maana yake ni kwamba inchi moja ya ziada kwa kila mtu ndani ya ndege ina thamani ya takriban shilingi 1,700, na inchi mbili kama shilingi 3,600. Na hiyo ni kwa ndege inayojaa kila siku. Ndege inayoondoka na viti vitupu haipotezi chochote kwa kuwa na mstari mmoja pungufu.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, mashirika hayasemi uongo yanaposema nafasi ina bei. Mwenye kudai nauli ya chini kabisa na kiti cha kifalme kwa pamoja anajidanganya. Pili, bei hiyo si kubwa kiasi cha kumzuia maskini kusafiri. Mtu aliyelipa shilingi 50,000 akiambiwa waziwazi kwamba kwa 1,700 zaidi ataweza kunyoosha mguu, wengi watatoa. Shida ni kwamba hakuna anayemwambia. Anaambiwa bei tu, na bei ya chini inashinda kwa sababu ndiyo namba pekee iliyoandikwa.

Anayechagua kiti si anayekikalia

Hapa ndipo hoja ya soko inapogonga mwamba kwetu. Angalia ni nani wanaopanda ndege kutoka Pwani kwenda nje.

Kuna mahujaji na wanaokwenda Umra. Wengi wao ni watu wazima, waliokusanya pesa kwa miaka, na baadhi wamelipiwa na watoto wao. Hawanunui tikiti, wananunua safari nzima kutoka kwa kikundi: viza, hoteli, basi, chakula na ndege ndani yake. Ndege gani, kiti gani, ni uamuzi wa mwenye kikundi, anayeshindana na wenzake kwa kushusha bei ya jumla. Mzee wa Kisauni au bibi wa Lamu anakijua kiti chake siku anapokikalia.

Kuna vijana na kina dada wanaokwenda kufanya kazi Saudia, Qatar na Imarati. Kwa wengi tikiti hukatwa na wakala au mwajiri. Anayelipa yuko Riyadh, anayekaa ni binti wa Kwale. Mwajiri huyo hana sababu ya kujali inchi ambazo goti lake mwenyewe halitazigusa.

Halafu kuna wafanyabiashara wetu wa Dubai na familia zenye jamaa Oman. Hawa angalau hujikatia wenyewe, na tangu Januari 2024, flydubai ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Mombasa, wana njia isiyopitia Nairobi. Lakini hata wao wanalinganisha bei, saa na kilo. Kipimo cha kiti hakimo kwenye mizani.

Mwaka jana nilirudi kutoka Ghuba kwa shirika ambalo sitalitaja. Pembeni yangu alikaa mzee aliyetoka Umra, mtu mrefu, magoti yamegota kwenye kiti cha mbele hata kabla hatujaondoka. Wakati wa sala ulipoingia akaamua kusali pale pale alipokaa, kama inavyoruhusiwa kwa msafiri. Ilipofika kurukuu, kichwa kiligonga mgongo wa kiti cha mbele, maana abiria wa mbele alikuwa amekilaza. Akanigeukia akatabasamu, "Mwanangu, hapa hata Mungu unamwinamia nusu." Nikamwambia, "Mzee, atazipokea hivyo hivyo." Tulicheka, lakini nilimwona alivyoshuka Mombasa, akishika viti kimoja kimoja, miguu imevimba.

Na kuna jambo ambalo wapangaji wa viti huko Seattle na Toulouse hawalifikirii, ila kwetu ni zito: stara. Kiti cha inchi 17 ni chembamba kuliko mabega ya wanaume wengi. Mama aliyevaa buibui lake akipangiwa kiti cha katikati kati ya wanaume wawili asiowajua, kwa saa tano mabega yatagusana apende asipende. Anajikunja, anakumbatia mkoba, halali usingizi. Hilo halimo kwenye takwimu yoyote ya starehe, lakini muulize mama yako.

Suala si starehe peke yake

Wapo watakaosema haya ni malalamiko ya anasa. Kwamba sisi tunaovuka Likoni kila siku tumezoea kubanana. Kwenye kivuko mtu husimama dakika chache. Kwenye ndege kuna mambo mawili mengine, damu na moto.

Tuanze na damu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya kuganda kwa damu kwenye mishipa kwa wasafiri. Liligundua kwamba hatari hiyo huongezeka takriban maradufu kwa mtu anayesafiri kwa saa 4 au zaidi akiwa amekaa bila kujongea. Tusitishane: hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Na haihusu ndege tu. Basi la usiku la Nairobi na garimoshi pia yamo. Lakini utafiti huo ulitaja walio kwenye hatari zaidi: wenye unene mkubwa, wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, warefu kupita mita 1.90 na wafupi chini ya mita 1.60. Dawa yake ni kujongea, kukunja na kunyoosha miguu, kuinuka mara kwa mara. Sasa aliyebanwa dirishani, na wawili wamelala kati yake na njia, atainuka vipi? Kiti chembamba hakigandishi damu. Kinakunyima ile dawa rahisi.

Moto ndio mgumu zaidi. Kanuni ya kimataifa ya kuidhinisha ndege kubwa inataka ithibitishwe kwamba abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa na taa za kawaida zimezimwa. Airbus A380 ilipojaribiwa Ujerumani mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78. Ni namba ya kupigiwa makofi. Lakini angalia waliojaribiwa. Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, lazima angalau asilimia 35 wawe na zaidi ya miaka 50, lakini hakuna watoto. Wachanga wanawakilishwa na wanasesere watatu. Hakuna anayetembelea mkongojo.

Bunge la Marekani liliona tatizo. Oktoba 2018 lilipitisha sheria iliyoiagiza FAA kuweka vipimo vya chini vya kiti ndani ya mwaka mmoja. FAA ikafanya majaribio huko Oklahoma City kati ya mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, kwa watu 775. Ripoti iliyotoka 2022 ilisema viti vya umbali wa inchi 28 havikuwachelewesha waliojaribiwa. Ila watu hao wote walikuwa na umri kati ya miaka 18 na 60 na wenye afya ya kutosha. Mtoto, mzee na mlemavu hawakuwamo. FAA ilipowauliza wananchi maoni mwaka huo, zaidi ya watu 26,000 waliandika. Kipimo cha chini ambacho sheria ilikitaka kiwe tayari 2019 kilipita muda wake bila kuwekwa.

Hoja ya FAA ina mantiki yake, na ni vizuri kuielewa kabla ya kuipinga. Inasema kwamba kwenye dharura msongamano hutokea mlangoni na kwenye njia ya katikati, si kwenye kiti. Hata ukimpa mtu inchi tano zaidi, atasimama kwenye foleni ile ile. Kwa kijana mwenye nguvu, huenda ni kweli. Lakini mfikirie yule mzee wangu wa Umra kwenye kiti cha njiani. Yeye asipoweza kuinuka haraka, walio dirishani na katikati nao hawatoki. Mstari mzima unamsubiri mmoja.

Januari 2, 2024 dunia iliona mfano wa kweli. Ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwa ndani walitoka hai, jambo la kushukuru na la kuwasifu wahudumu waliotumia vipaza sauti vya mkononi baada ya mfumo wa matangazo kuharibika. Abiria waliacha mizigo yao. Milango iliyotumika ilikuwa mitatu tu kati ya minane. Na hadi mtu wa mwisho anatoka, zilikuwa zimepita kama dakika 18. Zile sekunde 90 ni za maabara. Moto wa kweli una moshi, kelele, watoto na milango isiyofunguka. Katika hali hiyo, kila kinachomchelewesha mtu kuinuka kinahesabika.

Tulishawahi kuweka kikomo

Sisi Wakenya hatupaswi kuambiwa kwamba serikali haiwezi kuingilia idadi ya viti. Tulishafanya. Kabla ya Februari 2004 matatu ya Nissan ilipakia watu 18 na zaidi, na makanga akiimba "songa mbele" kwa watu wasio na pa kusogea. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, akaleta kanuni zake: abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, na kidhibiti mwendo. Wenye matatu walilia kwamba watafilisika. Kulikuwa na migomo, nauli zikapanda. Baada ya muda mambo yalitulia, na matatu hazikutoweka barabarani. Kila mtu alijua idadi mpya, hata mtoto wa shule angeweza kumwambia makanga, "Gari imejaa."

Hata kwenye ndege jambo hili si geni. Uingereza mwaka 1989 iliweka kikomo chake: kati ya mgongo wa kiti unachokalia na kiti cha mbele yako pasiwe na chini ya inchi 26. Hicho kilikuwa kipimo cha nafasi tupu, bila kuhesabu unene wa kiti. Kidogo, lakini ni sakafu. Asiyekuwa na sakafu huendelea kushuka. Ndiyo maana mwaka 2018 kampuni moja ya Italia ilionyesha kwenye maonyesho ya Hamburg kiti cha nusu kusimama, mfano wa tandiko, kwa umbali wa inchi 23. Hakuna shirika lililokinunua, lakini kubuniwa kwake kunatuonyesha njia hii inaelekea wapi.

Kwa upande wetu, ndege tunazopanda huidhinishwa kwanza na mamlaka za Marekani na Ulaya, na KCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa ndege, hujenga juu ya idhini hizo. Kwa maneno mengine, uamuzi juu ya goti la bibi wa Lamu unasubiri watu wa Washington ambao wenyewe hawajaamua. Si lazima tusubiri kwa yote. Vipimo vya kiufundi vya ndege tunaweza kuwaachia. Haki ya mnunuzi kujua anachonunua ni yetu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Sioni vipi tikiti isiyotaja ukubwa wa kiti inatimiza haki hiyo ya pili. Abiria wa SGR anajua kabla hajalipa kwamba behewa la daraja la kawaida lina viti 118 na la daraja la kwanza lina 72. Anaona tofauti ya shilingi 1,500 na 4,500 na anachagua mwenyewe. Mkata tikiti ya basi huuliza viti vimepangwaje. Kwa nini ndege iwe siri?

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni jepesi na halimgharimu mtu hata kiti kimoja: KCAA iagize kila shirika linalouza tikiti nchini liandike, kando ya bei, upana wa kiti na umbali wa mstari hadi mstari. Inchi mbili za wino. Siku namba hizo zitakapoandikwa, mashirika yatashindana kwa nafasi kama yanavyoshindana kwa kilo za mzigo.

La pili linawahusu wenye vikundi vya Hijja na Umra, ambao wengi wao ni ndugu zetu tunaowafahamu. Nyinyi mna nguvu ambayo abiria mmoja mmoja hana. Mnanunua viti hamsini au mia kwa mpigo. Kabla hamjalipa, ulizeni vipimo. Ombeni wazee wapangiwe viti vya njiani na karibu na choo, na kina mama wakae pamoja. Wekeni maneno hayo kwenye tangazo lenu pamoja na umbali wa hoteli kutoka Haram. Nina hakika wako wateja watakaolipa tofauti hiyo ndogo kwa ajili ya mama zao.

La tatu ni letu abiria. Kuna watakaosema kelele hazisaidii. Septemba 2025 shirika la WestJet la Canada lilitangaza kwamba linabadilisha viti kwenye ndege zake 43 za Boeing 737, mgongo wa kiti cha kawaida usilale tena, na mstari mmoja ukaongezwa. Abiria wakapiga picha za wazee wasioweza kunyoosha miguu, picha zikazunguka mitandaoni, wahudumu wa ndege nao wakalalamika. Januari 2026 shirika likatangaza kwamba litauondoa mstari ule ulioongezwa. Hakuna mahakama iliyoamuru. Ni watu waliopima, wakaonyesha, wakasema.

Sidai turudishwe kwenye enzi ya tikiti za matajiri peke yao. Nauli nafuu imemwezesha fundi wa Changamwe kumpeleka mamake Makka, na hilo ni jema ambalo sitaki lipotee. Ninachokataa ni nauli kushushwa kwa kukata mahali asipopaona mnunuzi, kisha akaambiwa alichagua mwenyewe. Safari ijayo ukikata tikiti, iwe yako au ya mzazi wako, muulize wakala maswali mawili: kiti kina inchi ngapi upana, na mstari hadi mstari ni inchi ngapi. Akisema hajui, mwambie apige simu aulize. Wakiulizwa na kumi watapuuza. Wakiulizwa na elfu, wataandika.